Mama na Mtoto Pemba: Nani Anasaidia, Wapi na Wakati Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwenye foleni za kliniki, kwenye vikao vya shehia na kwa akina baba wanaouliza kwa sauti ya chini baada ya sala ya Alasiri. Mengi yanahusu jambo moja: taasisi ni nyingi, majina yao ni marefu, na mwenye mimba hajui ampigie nani. Nimejibu kwa kufikiria mtu aliyeko Pemba, ingawa sehemu kubwa inamfaa na aliyeko Unguja.

Nimekosa siku zangu, huu mwezi wa pili. Nianzie wapi?

Kituo cha afya cha karibu yako, na uende wiki hii. Wengi wetu husubiri mpaka tumbo lionekane, kwa haya au kwa kuogopa jicho la watu, hasa mimba ya kwanza. Siri hiyo unaweza kuitunza na kliniki ukahudhuria, maana mkunga hana kazi ya kutangaza. Vipimo vya mwanzo ndivyo vyenye faida kubwa zaidi: wingi wa damu, presha, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Ukianza mwezi wa sita, presha iliyokuwa ikipanda polepole itakuwa imeshapanda.

Kadi ya kliniki itembee nawe hata ukienda harusini Wete au kwa shangazi yako Unguja. Mkunga wa zamu atakayekupokea saa nane za usiku hakujui. Kadi ndiyo itakayomwambia wewe ni nani.

Amekuja mtu nyumbani na simu mkononi, ananiuliza habari za mimba yangu. Ametumwa na nani?

Huyo ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, yule tunayemwita CHV, na yumo katika mpango wa Serikali uitwao Jamii ni Afya. Mpango huo Wizara ya Afya Zanzibar imeujenga pamoja na shirika la D-tree, na leo una wahudumu zaidi ya 2,000 katika shehia za Unguja na Pemba. Maswali anayokuuliza yanatoka kwenye programu ya simu yake. Ukimjibu kuwa unaona maluweluwe au uso umevimba, programu inamwelekeza akupeleke kituoni. Mtoto akishazaliwa, ataendelea kuja kuangalia chanjo, lishe na ukuaji.

Yeye hachomi sindano wala haandiki dawa. Kazi yake ni kukuona mapema na kukufuatilia usipotee. Kama hajafika kwako, muulize sheha, naye atakwambia anayehudumia mtaa wenu. Na ukiwa na wasiwasi na mtu anayekuhoji, una haki ya kutaka sheha amthibitishe kwanza.

Wizara ya Afya ya Zanzibar na ile ya Bara ni moja?

Si moja. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, bajeti yake, na ndani yake kipo Kitengo Shirikishi cha Afya ya Mama na Mtoto, ambacho ndicho kinachosimamia kliniki za wajawazito, uzazi wa mpango na huduma za watoto wachanga. Kwa hiyo tangazo la Dodoma kuhusu bima au ada ya hospitali usilichukue kuwa ni lako mpaka ulisikie kutoka wizara ya Zanzibar.

Hapa Pemba wizara ina Afisa Mdhamini, na kila wilaya kati ya nne (Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani) ina Daktari Dhamana pamoja na timu yake. Kituo chako kikiwa hakina mkunga au dawa za kuongeza damu zimekwisha, mlango wa kugonga ni wa Daktari Dhamana wa wilaya.

Nijifungulie kituo gani?

Hili mkunga wako atakushauri kwa kuangalia mimba yenyewe. Mimba isiyo na matatizo inaweza kumalizwa kwenye kituo kinachozalisha. Lakini kama ulishapasuliwa, una pacha, mtoto amekaa vibaya, presha iko juu au ulivuja damu nyingi uzazi uliopita, panga mapema hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Kusini tuna Abdalla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Ziko pia hospitali za Chake Chake na Wete, na hospitali mpya za wilaya zilizojengwa katika Awamu ya Nane, kama Vitongoji na Kinyasini, ambazo zimepunguza safari kwa watu wengi. Ikishindikana Pemba, rufaa inakwenda Mnazi Mmoja, Unguja.

Ninachokusihi ni kuwa uamuzi huu ufanywe mwezi wa saba, si usiku wa uchungu. Na mama mkwe ashirikishwe, kwa sababu katika nyumba nyingi za kwetu neno la mwisho ni lake.

Uchungu umeanza usiku na gari hakuna. Nifanye nini?

Piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaoendeshwa na Serikali kwa kushirikiana na Vodafone Foundation. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa karibu yenu, na mfumo ndio unaomlipa. Unamhusu mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza siku 42, na mtoto mchanga wa chini ya siku 28. Wengi hawajui hayo mawili ya mwisho. Mzazi aliyetoka hospitali salama akaanza kutokwa na damu nyingi siku ya tano bado ni wa 115.

Usisubiri uchungu ukiona mojawapo ya haya: damu kutoka, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuingia kiza, uso na mikono kuvimba, homa kali, maji kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Degedege kwa mjamzito ni kifafa cha mimba, na dawa yake iko hospitali. Kumfukizia na kumsomea ndani huku saa zinakwenda kumeshatupotezea watu. Dua inasomeka hata ndani ya gari.

Walioko Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza na visiwa vingine vidogo wana mtihani wa bahari kabla ya gari. Kwenu ninyi mpango ni lazima uwe na jina la mwenye boti, mafuta yaliyowekwa kando, na maji kujaa na kupwa kujulikana. Mwenye mimba ya hatari ni bora avuke wiki mbili tatu kabla, akakae kwa jamaa karibu na hospitali. Najua ni uzito kuacha nyumba na watoto. Hapa ndipo kikundi cha akina mama cha shehia kinapoweza kufanya kazi kubwa kuliko shirika lolote: mmoja anakaa na watoto, mwengine anatoa chakula.

Wataalamu wanasema wanawake wanakufa kwa "kuchelewa". Wanamaanisha nini?

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba kifo cha uzazi mara nyingi hupita kwenye kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mimi naona hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuzielewa taasisi zote unazozisikia. CHV, sheha, masheikh na jumuiya za kiraia wanapambana na kuchelewa kwa kwanza. m-mama na wenye boti wapo kwenye kuchelewa kwa pili. Wizara, vyuo vya wakunga na wafadhili wa vifaa wanahusika na kuchelewa kwa tatu.

Zanzibar ina ushahidi wake katika haya. Mwaka 2009 na 2010 vituo 24 vya Unguja viliingia kwenye utafiti wa wajawazito 2,550, ambapo nusu ya vituo wanawake wao walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha kliniki na kupewa njia ya kumpigia mhudumu. Waliopata huduma hiyo, asilimia 60 walijifungua mbele ya mtaalamu. Wasiopata walikuwa asilimia 47. Ila faida ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wa shamba haikuwabadilisha sana. Simu inasaidia kuamua, lakini haimbebi mtu aliye mbali na barabara.

Na kuhusu kuchelewa kwa tatu, Mnazi Mmoja kulifanywa mradi wa PartoMa, ambapo wakunga na madaktari wenyewe walikaa wakatengeneza mwongozo mfupi unaoendana na wodi iliyojaa, wakawa wanafundishana kila baada ya miezi michache. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Hakukujengwa jengo jipya. Huwa nawakumbusha hili wanaodhani kila tatizo la wodi ya wazazi linataka fedha za nje.

Huduma za uzazi ni bure kweli?

Sera ya matibabu bila malipo katika vituo vya Serikali ni ya tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na huduma za mama na mtoto zimo. Katika maisha ya kila siku bado utatumia fedha: nauli, kanga na nguo za mtoto, chakula cha anayekuuguza, na mara nyengine dawa inayonunuliwa nje kwa kuwa ya hospitali imekwisha. Weka akiba, hata kidogo kidogo kwenye kibati.

Tangu 2023 upo pia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), ulioanza na watumishi wa umma. Ikiwa wewe au mumeo ni mwanachama, hakikisha jina lako limeandikishwa kama mtegemezi kabla ya kufika mwezi wa tisa. Mwanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF) aulize kuhusu fao la uzazi. Wengi hulikosa kwa kutouliza tu.

Ni jumuiya gani za kiraia zinazoweza kunisaidia?

Inategemea shida yako. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ana ZAPHA+, jumuiya ya watu wanaoishi na VVU Zanzibar, ambako atakutana na akina mama waliozaa watoto wasio na maambukizi. UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, inatoa elimu na huduma za uzazi wa mpango. Wanasheria wanawake wa ZAFELA husaidia pale mume anapotelekeza mke na mtoto au panapohitajika matunzo. TAMWA Zanzibar, chama cha waandishi wa habari wanawake, wanafuatilia udhalilishaji na kupaza sauti. Milele Zanzibar Foundation imesaidia elimu na afya vijijini, na Zanzibar Maisha Bora Foundation, iliyoanzishwa na Mama Mariam Mwinyi, inashughulika na wanawake, lishe na hedhi salama kwa wasichana.

Hizi zinafanya kazi kwa miradi, na mradi una mwisho. Kwa hiyo usiache kliniki yako ukisubiri jumuiya, na mtu akija kukuandikisha kwa jina la jumuiya fulani, uliza kama imesajiliwa kwa Mrajis, msajili wa jumuiya wa Serikali.

UNICEF, UNFPA na WHO wana ofisi Zanzibar. Naweza kwenda kuomba msaada?

Mashirika haya ya Umoja wa Mataifa hayahudumii mtu mmoja mmoja. Wanafanya kazi kupitia wizara: UNICEF zaidi kwenye chanjo, lishe na watoto, UNFPA kwenye uzazi salama, wakunga na uzazi wa mpango, WHO kwenye miongozo na ufuatiliaji wa maradhi. Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, inachangia gharama za chanjo. Msaada wao unakufikia ukiwa umeshageuka sindano, friji ya chanjo au mkunga aliyesomeshwa.

Na mashirika ya kikanda? Yanatuhusu nini sisi wa Micheweni?

Yanakuhusu, ingawa hutayaona mtaani. Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini (ECSA), yenye makao Arusha na iliyoanza 1974, inawakutanisha mawaziri wa afya na kusaidia mafunzo ya wauguzi na wataalamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake ya afya. Umoja wa Afrika ulianzisha 2009 kampeni ya CARMMA ya kuharakisha kupunguza vifo vya uzazi, na kabla yake viongozi waliokutana Abuja 2001 waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Upo pia Mkataba wa Maputo wa 2003 kuhusu haki za wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 2007. Kifungu chake cha 14 kinahusu afya ya uzazi.

Ahadi hizi ni silaha ya raia. Mwakilishi wako akija kuomba kura, muulize asilimia ya bajeti iliyokwenda afya, na kati ya hiyo iliyofika kituo chenu. Mwanamke wa Micheweni ana haki kamili ya kuuliza swali hilo.

Watafiti wa Wawi wanataka damu ya mwanangu. Nikubali?

Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ya Wizara ya Afya, iliyofunguliwa 2000 kwa ushirikiano na taasisi ya Italia iliyopewa jina la mtaalamu huyo wa vimelea. Ni fahari ya Pemba kwa kweli, na yaliyogunduliwa hapa yamebadilisha tiba duniani. Mfano mkubwa ni utafiti wa madini ya chuma kwa watoto wa mwezi 1 hadi 35. Watu walidhani kuwapa watoto wote vidonge vya damu ni kheri tupu. Mwaka 2003 waangalizi wa usalama waliisimamisha sehemu ya madini ya chuma, kwa kuwa watoto waliopewa walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi. Matokeo yalichapishwa 2006 na WHO likabadilisha ushauri wake: mahali penye malaria, madini ya chuma hayagawiwi kwa kila mtoto mdogo bila ya kinga na tiba ya malaria kuwepo.

Nimesikia watu wakiigeuza habari hiyo kuwa "vidonge vya damu vinaua", na wajawazito wakavitupa. Si kweli. Utafiti ule ulikuwa wa watoto wadogo. Mjamzito anavihitaji, na mwenye upungufu wa damu ndiye anayekufa haraka akivuja damu siku ya kujifungua. Meza vidonge vyako.

Ama kukubali au kukataa utafiti, hiyo ni hiari yako. Lazima uelezwe kwa Kiswahili unachoelewa, upewe nafasi ya kuuliza, na ukikataa usinyimwe tiba. Unaweza kukubali leo ukajitoa kesho.

Mkunga wa jadi aliyewazalisha dada zangu wote bado yupo. Kuna ubaya gani?

Bibi huyo mheshimu, na mwombe akusindikize hospitali. Faraja yake, kukukanda baada ya uzazi na kukufundisha kumshika mtoto, ni mambo ambayo wodi iliyojaa haina muda nayo. Asichokuwa nacho ni damu ya kuongeza, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, na chumba cha upasuaji. Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu, kisipakwe majivu, mafuta wala chochote ambacho hospitali haikusema.

Nina VVU. Mtoto ataambukizwa?

Ukitumia dawa kila siku na virusi vikafubaa, nafasi ya kumwambukiza ni ndogo sana. Dawa ni za maisha, mtoto naye hupewa zake akizaliwa, na atapimwa kwa awamu. Maambukizi Zanzibar yako chini ya asilimia 1, na uchache huo unaleta upweke, kwa sababu mtu hudhani ni yeye peke yake. Nenda ZAPHA+.

Uzazi wa mpango unaruhusiwa na dini?

Suala la hukumu lipeleke kwa sheikh unayemwamini au Ofisi ya Mufti. Ninachoweza kusema ni kuwa Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na mashekhe wengi wanaitumia kuzungumzia kupumzika baina ya mimba. WHO linashauri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyengine. Mke na mume waende pamoja kwa mkunga, maana njia ni nyingi na mwili mmoja hauko kama mwengine.

Mtoto amezaliwa. Chanjo na cheti?

Chanjo za kifua kikuu na polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa mtoto anatembea na mama ana shughuli.

Cheti kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Aliyezaliwa hospitali atoke na karatasi yake. Aliyezaliwa nyumbani aanzie kwa sheha. Usingoje siku za kumwandikisha skuli.

Nimetukanwa wodini. Niseme wapi?

Anza kwa mkuu wa wodi au wa kituo, kisha Daktari Dhamana wa wilaya, na ikibidi Baraza la Wauguzi na Wakunga. Andika tarehe, zamu na kilichosemwa. Mzazi mmoja wa kijiji cha kaskazini alikaa na uchungu wa maneno aliyoambiwa, na mimba iliyofuata akazalia nyumbani kwa sababu hiyo tu. Kutukanwa kwa mwanamke mwenye uchungu ni jambo la usalama, si la adabu peke yake. Na kama aliyekudhuru yuko nyumbani, hospitali kubwa zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja. Kwa mtoto anayedhalilishwa, piga 116, bure.

Mimi ni mume. Kazi yangu ni ipi?

Nenda naye kliniki angalau mara ya kwanza, mpimwe pamoja. Hifadhi 115 kwenye simu yako na ya jirani. Mpe ruhusa ya wazi, mbele ya mama yako, ya kwenda hospitali hata ukiwa dago (kambi ya wavuvi) au Unguja kwenye biashara, asisubiri kukupata kwenye simu. Halafu tafuta watu wawili au watatu wenye afya walio tayari kuchangia damu, uwajue kwa majina kabla ya mwezi wa tisa, na wewe uwe wa kwanza kupimwa.